Dakitari Martin Luther na Zawadi za Watoto wa Nyumba Yake



Kila mwaka siku za Noeli zinapokaribia, wazazi wa usharika huniletea swali moja, na safari hii limeletwa na mama mmoja aliyekuwa amemchukua mwanawe mjini. Mtoto alimwona mtu mwenye ndevu nyeupe na kanzu nyekundu mlangoni pa duka, akaambiwa ya kuwa huyo ndiye awagawiaye zawadi watoto wema wa dunia yote kwa usiku mmoja. Tangu siku ile mtoto hakuacha kuuliza habari zake. Mama alitaka kujua kama akimwambia kweli atamhuzunisha bure, au kama akinyamaza atakuwa amesema uongo mbele ya mwanawe mwenyewe.

Sikumjibu siku ile. Nalimwambia kwamba nitaandika habari za baba mmoja ambaye sisi sote tunaitwa kwa jina lake, tena alikuwa na watoto sita, na jambo hili lilifika hata nyumbani mwake. Basi, hizi ndizo habari zake.

Martin Luther alizaliwa Eisleben katika Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, ambayo ilikuwa sikukuu ya Martino mtakatifu; ndiyo sababu akapewa jina hilo. Kabla hajatimiza mwaka mmoja wazazi wake walihamia Mansfeld, na baba yake Hans akafanya kazi ya kuchimba na kuyeyusha shaba. Mama yake aliitwa Margarethe. Walikuwa watu wa bidii na wa kumcha Mungu, lakini katika kulea walikuwa wakali sana. Luther alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba mama yake alimpiga hata damu ikatoka, na kosa lake lilikuwa kokwa moja tu. Baba yake naye alimchapa siku moja hata mtoto akamkimbia, ikamlazimu baba kufanya kazi kubwa ya kuuvuta tena moyo wake. Shuleni alichapwa mara 15 katika asubuhi moja, kwa sababu hakujua somo ambalo hakuwa amefundishwa bado.

Katika malezi hayo mtoto huyu alimfahamu pia Kristo. Lakini alimfahamu vipi? Alikumbuka sanamu aliyoizoea kanisani, Bwana ameketi juu ya upinde wa mvua, Hakimu atakayewahukumu watu wote, naye Martin alimwogopa kama mwizi amwogopavyo askari. Kwa hiyo watu walitafuta msaada kwa watakatifu, wakidhani kwamba hao ni wapole kuliko Mwokozi mwenyewe. Luther alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1505, alipokuwa akirudi Erfurt, radi ilimpigia karibu naye njiani penye kijiji cha Stotternheim, na katika hofu yake hakumwita Kristo, bali alimwita Anna mtakatifu, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Siku chache baadaye akaingia katika nyumba ya watawa.

Mambo yaliyofuata wasomaji mnayajua tangu darasa la Kipaimara, nami sitayarudia yote: hoja 95 za tarehe 31 Oktoba 1517, baraza la Worms mwaka 1521, na Agano Jipya kwa Kijerumani lililotoka katika chapa mwaka 1522. Lakini nawaomba mkumbuke jambo moja tu. Kiini cha mambo hayo yote kilikuwa ni zawadi. Luther alikuwa amesumbuka miaka mingi akitaka kumlipa Mungu, hata akasoma katika waraka kwa Warumi na kuona kwamba haki ya Mungu haiuzwi wala hailipwi kwa matendo, bali hutolewa bure na kupokewa kwa imani. Mtu aliyeona hayo hawezi kulitazama kama mchezo tu swali la kwamba ni nani awapaye watoto zawadi, na kwa sababu gani awape.

Tarehe 13 Juni 1525 akamwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa wa kike na kutoroka nyumba yao ya Nimbschen siku za Pasaka mwaka 1523 pamoja na wenzake, katika gari la mfanya biashara ya samaki. Nyumba yao Wittenberg ilikuwa ile ile iliyokuwa ya watawa zamani, kubwa, nayo ikajaa wanafunzi, jamaa, na yatima wa ndugu. Mungu akawapa watoto sita: Hans mwaka 1526, Elisabeth 1527, Magdalena 1529, Martin 1531, Paul 1533, na Margarete 1534. Elisabeth alikufa kabla hajatimiza mwaka mmoja.

Luther hakuwa baba asiye na kosa. Alimnyima Hans uso wake kwa siku tatu kwa sababu ya kosa alilolifanya, asikubali kumpokea hata alipoombewa na mama na marafiki. Lakini hakusahau ile kokwa ya mama yake. Alifundisha kwamba penye fimbo na tofaa liwepo karibu, maana mtoto aliyetishwa tu huharibika moyo, naye huwa mwoga katika kila neno alifanyalo. Nadhani wazazi wetu wengi wangefaa kulifikiri neno hili, maana na sisi tunayo mazimwi yetu ya gizani tuwatishiayo watoto ili walale mapema.

Sasa nitaeleza desturi ya nchi ile. Siku kuu ya kuwapa watoto zawadi haikuwa Noeli, ilikuwa tarehe 6 Desemba, siku ya Nikolao mtakatifu. Nikolao alikuwa askofu wa Myra, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Uturuki, katika karne ya nne. Husimuliwa kwamba alisikia habari za baba mmoja maskini mwenye binti watatu, asiyeweza kuwaoza kwa kukosa mali, akiwa karibu kuwatia katika maisha ya aibu. Nikolao akaenda usiku akatupa dhahabu dirishani, mara moja kwa kila binti, asitake kujulikana. Kutokana na hadithi hiyo watoto wa Ulaya walitandika nguo au kuweka viatu vyao usiku ule, na asubuhi wakakuta matofaa, kokwa na mikate ya asali, wakaamini kwamba askofu amepita. Wazazi walijua ni nani aliyepita. Tena wengi waliifanya siku hiyo kuwa siku ya hukumu: mtoto aliyeomba na kutii hupata, na mtoto mbaya hukuta fimbo.

Luther hakupendezwa na hadithi nyingi za watakatifu. Mwaka 1537 aliichapisha mojawapo, habari za Yohana Krisostomo zilivyosimuliwa na watu, akaligeuza kidogo lile neno la Kijerumani la hadithi ya mtakatifu hata likasikika kama neno la uongo, akaonyesha kwa maneno makali jinsi watu wa Kristo walivyolishwa mambo yasiyokuwako. Hakusema kwamba watakatifu hawakuwako, wala hakuwadharau. Kosa aliloliona ni kwamba kanisa, ambalo kazi yake ni kusema kweli, limetoa hekaya mahali pa kweli.

Wasomaji wengine watafikiri kwamba mtu wa namna hiyo aliifuta siku ya Nikolao nyumbani mwake kwa siku moja. Haikuwa hivyo. Hata mwaka 1535 hesabu za matumizi ya nyumba yake zinataja zawadi za siku ya Nikolao kwa watoto na watumishi. Mimi nafurahi kuliona jambo hili. Mtu aliyesimama mbele ya Kaisari bila kuyumba, nyumbani alikwenda polepole, kwa sababu wenye kupokea walikuwa watoto wadogo na watumishi wanaoingoja siku yao. Lakini polepole alikuwa akiielekeza mioyo yao mahali pengine. Alimwuliza binti yake Magdalena ni kitu gani Kristo mtakatifu atakachomletea. Kwa miaka iliyofuata zawadi katika nyumba nyingi za Waluteri zikahama kutoka tarehe 6 Desemba zikafika Noeli, na mtoaji akatajwa kuwa ni Kristo, yeye ambaye Luther alipokuwa mtoto alimwogopa juu ya upinde wa mvua.

Kwa Noeli aliwatungia watoto wake wimbo wa beti 15, uliochapishwa mwaka 1535. Beti za kwanza ni maneno ya malaika aletaye habari, na zinazofuata ni za watoto wanaokwenda kumtazama aliye horini. Mwanzo aliutia katika sauti ya wimbo wa mchezo uliojulikana na watu wote, wimbo wa mafumbo, hata baadaye ukapata sauti yake yenyewe mwaka 1539, na kwa sauti hiyo unaimbwa mpaka leo. Mtu mzima anaweza kusimama mahali pa malaika katika wimbo huo, na kila mtoto anajua kwamba aimbaye ni mtu wa nyumbani. Hakuna aliyedanganyika, na furaha haikupungua.

Lakini jambo ninalotaka kulikazia zaidi ni la mwaka 1530. Mwaka ule wakuu walikutana katika baraza la Augsburg, mahali pale Ungamo letu liliposomwa. Luther hakuweza kwenda kwa sababu alikuwa amehukumiwa na Kaisari, akakaa ngomeni Coburg tangu Aprili mpaka Oktoba, peke yake na wasaidizi wachache, akingoja barua. Katharina alimpelekea picha ya Magdalena aliyekuwa na mwaka mmoja, na mwanzo baba hakuweza kumtambua, jinsi ilivyokuwa nyeusi. Tarehe 5 Juni ikaja barua nyingine, ya kwamba baba yake mzee Hans amefariki. Luther akachukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia sana. Huyo ndiye baba aliyemchapa, naye alimlilia kwa machozi mengi.

Siku 14 baada ya msiba huo aliketi akamwandikia mwanawe Hans, aliyekuwa na miaka minne tu. Katika barua hiyo hakutaja kifo, wala hakutaja Augsburg. Alimwambia kwamba anajua bustani moja nzuri, ambamo watoto wengi huingia wamevaa nguo za dhahabu, huokota matofaa na matunda mengine chini ya miti, huimba na kuruka, nao wana farasi wadogo wazuri wenye hatamu za dhahabu na matandiko ya fedha. Alimsimulia jinsi alivyomwuliza mwenye bustani kama Hans wake anaweza kuingia, naye akajibu kwamba akipenda kuomba na kujifunza na kuwa mwema ataingia, yeye pamoja na rafiki zake Lippus na Jost, na huko watapewa filimbi, ngoma na pinde. Akaonyeshwa uwanja wa kuchezea, lakini ilikuwa mapema, watoto hawajala, hakuweza kungoja mchezo. Akamwombea nafasi hata bibi Lene, shangazi yake Katharina, aliyekaa nao nyumbani, akakubaliwa.

Je, barua hiyo ni kweli au si kweli? Hakuna mtu aliyekwenda na kuona hatamu zile. Mwalimu mkali wa theolojia angeweza hata kumsahihisha Luther mwenyewe, na kumwuliza kwa nini mbingu imefungwa kwa sharti la kusoma na kuwa mwema. Nimeifikiri barua hii miaka mingi, na neno ninaloliona ni hili: bustani ile ipo. Baba alichukua kitu anachokiamini kwa moyo wake wote, kitu ambacho majuma mawili nyuma alikilazimika kwa machozi kwa ajili ya baba yake, akakivika nguo ambazo mtoto wa miaka minne anaweza kuzishika. Hans alipokua, farasi waliondoka, lakini bustani haikuondoka. Lakini mtu wa mlangoni pa duka, mtoto akimvua kanzu nyekundu, hubaki nini ndani yake? Hubaki mwajiriwa wa duka. Hapo ndipo ninapoona tofauti, nami siidai kuwa kubwa kuliko ilivyo, kwa maana watoto wengi wamemwamini mtu yule na kukua salama.

Bustani ile ilijaribiwa miaka 12 baadaye. Mwezi wa Septemba 1542 Magdalena aliugua, naye alikuwa na miaka 13. Kaka yake Hans alikuwa shuleni Torgau, na hao wawili walipendana sana. Luther akamwandikia mwalimu wa Hans amrudishe kijana nyumbani upesi, lakini akamwomba asimwambie sababu. Kwa hiyo baba huyu aliyeuchukia uongo alijua pia kwamba kuna kweli ambayo mtoto husubirishwa, hata afike mahali ambapo mikono ya kumshika ipo karibu. Kusubirisha si kudanganya. Lakini kwa binti aliyekuwa akifa hakusubirisha neno. Alimwuliza waziwazi kama angependa kukaa hapa na baba yake au kwenda kwa Baba yake aliye huko, naye akakubali apendavyo Mungu. Tarehe 20 Septemba alikufa mikononi mwa baba yake. Luther alipiga magoti kando ya kitanda akalia. Aliwaambia rafiki zake kwamba alijua binti yake ana raha, ila mwili haukubali, na huzuni yake ilikuwa kubwa mno. Hakuna baba wala mama aliyezika mtoto asiyeyafahamu haya.

Mwezi wa Januari 1546, akiwa mgonjwa, alisafiri kwenda Eisleben pamoja na wanawe kupatanisha watawala wa Mansfeld waliogombana. Akakamilisha kazi hiyo, na tarehe 18 Februari akafa katika mji ule ule aliozaliwa. Katharina alifuata mwaka 1552. Hans akawa mwanasheria, na Paul akawa tabibu.

Baada yake watu waliendelea kusimulia. Wengine mmeiona picha, hata katika nyumba za wamisionari wa zamani, ya Luther na jamaa yake wakikaa penye mti wa Noeli wenye mishumaa. Picha hiyo ilichorwa katika miaka ya 1840, yapata miaka 300 baada ya kifo chake, na mti wa mishumaa haukuwamo nyumbani mwake. Hivyo mtu aliyezikemea hadithi za watakatifu ametungiwa hadithi yake mwenyewe, na sisi Waluteri ndio tulioitunga. Hata Mtoto Kristo aliyewekwa mahali pa Nikolao hakuachwa jinsi alivyo. Watu walimvika vazi jeupe na mabawa, wakamfanya kama msichana apitaye usiku na zawadi, na mpaka leo huko Nürnberg msichana mwenye taji hufungua soko la Noeli kwa jina hilo. Tena jambo la kuchekesha kidogo: baadaye Wakatoliki wengi wa Ujerumani walimchukua huyo Mtoto Kristo kuwa mleta zawadi wao, na Waluteri wengi wa kaskazini wakamwacha, wakamfuata mzee wa Noeli mwenye ndevu. Naye mtu wa kanzu nyekundu aliyeonekana mjini ni nani? Ni Nikolao yule yule wa Myra. Waholanzi walilitaja jina lake kwa namna yao, likafika Marekani, na katika karne ya 19 likageuka kuwa Santa Claus. Huko akavuliwa uaskofu, akapewa kanzu fupi na gari la kuteleza thelujini. Sijui kama angejitambua.

Juma lililopita nalikwenda nyumbani kwa mama yule kumsomea barua ya Coburg kwa Kiswahili. Alikuwa amekwisha kumwambia mwanawe kwamba shati lake la Noeli hununuliwa na baba yake kwa fedha za kahawa, wala mtoto hakulia. Aliuliza tu kama baba angeweza kuongeza na kaptura. Alikaa chini karibu na mama yake nilipokuwa nikisoma habari za ile bustani. Nilipomaliza aliniuliza kama farasi wale ni wakubwa au wadogo. Nikamwambia ni wadogo.